Ubishi wa Benga na Posa Yangu

Jumamosi ile ya posa yangu naikumbuka vizuri, mwanangu, hata moshi wa kuni mbichi jikoni bado naunusa. Ukungu ulikuwa haujaondoka kijijini kwetu Mghange, milimani Taita, na mimi nilikuwa sikai, sisimami. Nikiketi naona kigoda kinachoma, nikisimama naona miguu haina kazi. Wageni waliokuwa wakipanda mlima walikuwa wakija kwa ajili yangu. Walikuwa Wakamba wa Maungu kule bondeni, watu wa kina Kilonzo, babu yako, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwembamba, fundi wa magari pale Voi.

Nakueleza haya leo kwa sababu nimesikia wewe na binamu yako Mwakio hamsalimiani. Nimeambiwa mlianza kwa mzaha, nani anajulikana zaidi katika gengetone, nani katika bongo fleva, nani katika nyimbo za injili. Mkaonyeshana watazamaji kwenye simu, kisha mkaacha wanamuziki mkaanza kutukanana. Sasa wewe umejitoa kwenye kundi la familia, naye ameapa kwamba harusi ya dada yako hatakanyaga. Tangu niliposikia, usingizi umenipaa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimewahi kuona ulimi ukijikwaa, aliyeanguka akawa mimi.

Wageni walifika, wazee wakaketi ndani na mama yangu, vijana wakabaki barazani. Kaka yangu Mwandoe alikuwa na redio ya kanda aliyoipenda kuliko ng'ombe wetu. Akaiwasha kwa sauti ya chini, kwa heshima ya wazee, na yeye na Kilonzo wakaanza kuzungumza muziki. Walianza vizuri sana. Kwa rumba walikubaliana, yule bwana wa Kongo, hakuna mwingine. Kwa taarabu wakamtaja mama mmoja wa Pwani, wote wakaitikia kwa kichwa. Kwa rege hawakupoteza hata muda. Mimi jikoni nilikuwa nawasikia, moyo ukatulia kidogo. Nikasema, kaka amempenda.

Wakafika kwenye benga.

Kilonzo alimtaja mpiga gitaa mmoja wa Ukambani. Mwandoe akacheka. "Huyo? Huyo anajulikana na mbuzi wa Maungu tu!"

Kilonzo naye, badala ya kumeza, akatema. "Na nyinyi Wadawida wa milima hii ya Taita mna nani? Nitajie mmoja tu anayejulikana hata hapo Mombasa."

Unajua, mwanangu, mwamba ngoma huvutia kwake, na hilo si kosa. Lakini hapo ngoma ilikuwa imeshaachwa, ngozi ya mtu ndiyo iliyokuwa ikivutwa. Marehemu baba yetu alikuwa mpigaji wa ngoma za mwazindika, akiitwa kila kijiji kule milimani. Mwandoe akasimama, redio ikaanguka. "Basi nenda ukaoe kwa hao wanaojulikana!"

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, Mzee Muli, baba mdogo wa Kilonzo, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Aliweka kikombe chini taratibu, akachukua kofia yake. "Mwenye nyumba akisema nenda," alimwambia mama, "mgeni hangoji asukumwe." Wakatoka wote. Kimanga cha mihogo na maharage nilichokiponda tangu alfajiri kilikuwa bado kinafuka kwenye sufuria. Kilonzo alipita karibu na mlango wa jikoni, akaniangalia, akawafuata wazee wake.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Kila gari lililonguruma likipanda mlima lilinitoa shambani mbio mpaka njiani, nikikuta ni mizigo ya kabichi. Usiku nilizipanga sentensi za kumwambia, asubuhi nazivunja. Mama alilia, halafu akakasirika. Mwandoe alizunguka boma akisema, "Ulikuwa utani tu, mbona watu wanakuza mambo?" Lakini redio hakuiwasha tena.

Ndipo akaja Shangazi Wakesho, dada ya baba. Hakuketi hata kunywa chai. Alimwita Mwandoe, akamwuliza, "Huyo mwimbaji uliyemcheka, nyimbo zake zinasemaje?"

"Sijui, shangazi. Mimi sisikii Kikamba."

"Kumbe umevunja nyumba ya dada yako kwa jambo usilolijua." Akamwangalia mpaka kaka akainamisha kichwa. "Marehemu baba yako alikuwa akifika kijiji cha watu, kwanza anasikiliza ngoma yao ndipo apige yake. Wewe umerithi masikio yake lakini hujayatumia. Vaa viatu. Twende Maungu."

Nami nikaenda, bila kuambiwa niende.

Tulifika tukakuta ndovu walikuwa wameingia usiku shambani kwa kina Kilonzo. Mahindi yote yamelala chini, mengine yamekanyagwa yakawa kama uji. Mzee Muli na Kilonzo walikuwa wameinama, wakiokota yaliyobaki mazima. Hakuna aliyetukaribisha, na hakuna aliyetufukuza. Shangazi alijifunga leso kiunoni, akainama. Nikainama. Mwandoe alisimama na viatu vyake vya kwendea mjini, akitazama huku na huku, mwishowe akavivua, akaingia matopeni.

Tulifanya kazi bila maneno. Nilitamani mtu atukane angalau nijue tuko wapi. Baadaye Mzee Muli akaanza kuimba, si kwa ajili yetu, ni kama mtu anayeongea na mgongo wake unaouma. Niliona kaka ameacha kuokota. Mtoto wa mpiga ngoma, angefanyaje? Akasogea.

"Baba, huo wimbo ni wa nani?"

"Ni wa yule wa mbuzi," mzee akajibu bila kuinua kichwa.

Kaka akauliza, "Unasemaje?"

Mzee Muli akanyoosha mgongo. Akamwambia wimbo unahusu mtu aliyerudi kutoka mjini akakuta shamba la mama yake limekauka, naye kwa aibu ya kutokuwepo akashika jembe kabla hata ya kumsalimia. "Hapa tunauimba mavuno yakifa," alisema. "Huko kwingine kama hawamjui, shauri yao. Sisi anatutosha."

"Nisamehe, baba," Mwandoe alisema. "Nilicheka nisichokijua."

Mzee alimsukumia gunia. "Shika hapo, tulifunge."

Jioni Kilonzo alitusindikiza hadi barabara kuu, na njiani shangazi akamsimulia habari za baba. Alimwambia kaka, "Na mimi nilikuuliza mna nani, kumbe nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya mpiga ngoma. Nisamehe." Baada ya mvua yeye na wazee wake walipanda tena mlima, na safari hiyo kimanga kililiwa. Lakini sikufichi, mjomba wangu mmoja hakuwazoea watu wa Maungu mpaka alipokufa. Alikuwa ameyasikia yale maneno, nayo maji yakimwagika hayazoleki. Mwandoe na babu yako nao waliendelea kubishana juu ya benga hadi mvi zikawaota, ila walibishana wakicheka.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikukatazi ubishi. Ujana usio na ubishi ni mboga isiyo na chumvi. Mtetee mwanamuziki wako hadi koo likauke. Lakini kabla ya kumcheka wa mwenzako, msikilize hadi mwisho, na usichokielewa uliza, kwani kuuliza si ujinga. Ukiona ulimi unatoka kwenye wimbo unaelekea kwa watu wa mwenzako, ung'ate. Hao wanamuziki mnaowagombania hawajui kama mmezaliwa. Siku ukiugua, atakayekubeba ni Mwakio. Na usimtumie ujumbe wa simu. Maneno ya kupatana yanataka uso na mkono.

Nenda leo, mimi sitatulia mpaka urudi. Mungu aulainishe ulimi wako na moyo wake, akutangulie njiani, na mlango wa binamu yako ufunguke kabla hujamaliza kubisha hodi. Amina.