Siku Niliyomtuma Bi Somoe Akaangalie Mkono

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi na hata leo nikiisimulia natazama chini, lakini heri mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuwasikiliza wale jamaa zangu wa mtaa wa Rahaleo ambao kila mwaka wanaiongezea chumvi (mmoja anadai nilizimia, si kweli, nilikaa tu chini bila kupenda).

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nimetoka chuo kikuu na digrii na maswali mengi, nikaajiriwa kwenye maabara ndogo ya kupima korosho pale Mtwara. Fundi wetu, Mzee Nandonde, alikuwa na utaratibu wake: kabla ya kuwasha mashine ya kusaga sampuli anaita kwa sauti, "Nawasha," na hagusi swichi mpaka mtu ajibu, "Washa." Akiwa peke yake anaita vilevile, anasubiri kidogo, ndipo anawasha. Nikamuuliza anamwita nani.

"Aliyepo," akasema.

"Na kama hayupo mtu?"

"Basi sijapoteza kitu, mwanangu."

Jibu lile liliniudhi, maana mimi nilitaka sababu, si mazoea, nikaamua kumwonyesha dunia imefika wapi. Nikavuta waya mrefu juu ya dari, kutoka kwenye tundu la printa nyuma ya kompyuta ya ofisini hadi kwenye mashine chumba cha pili, nikaandika programu, ukibonyeza W mashine inawaka, ukibonyeza Z inazima, na wewe umekaa zako kwenye kiti. Ilifanya kazi vizuri mno. Tatizo lilikuwa moja tu, Mzee kila akimaliza kazi anazima swichi ya ukutani, nami nikibonyeza W hakuna kitu, kwa hiyo siku moja nikaiondoa ile swichi nikaunga nyaya moja kwa moja (kazi ya dakika kumi, na ndiyo iliyoniponza).

Mzee akatazama pale ukutani. "Sasa mimi nikitaka kuizima?"

"Utaniambia mimi."

Wiki ile ile walikuja wageni, wakulima wa korosho kama ishirini pamoja na mkuu wetu wa maabara, nami nimesimama mbele yao ofisini nimevaa koti jeupe, naeleza, na kabla sijabonyeza hata W umeme ukakatika. Hakuna aliyeshangaa, mji wetu ulikuwa unaendeshwa na jenereta za dizeli na gesi ya Msimbati bado imelala chini ya ardhi. Mzee Nandonde akapitisha kichwa mlangoni, akasema, "Maadamu hakuna umeme, ngoja nikwangue unga ulioganda mle ndani ya mashine." Nikamjibu sawa, nikaendelea kuongea.

Umeme ukarudi. Kompyuta ikajiwasha yenyewe, ikaanza kujikagua, na katika kujikagua huko, kabla programu yangu haijaamka, ikapeleka umeme kwenye pini zote za tundu la printa, na kwa mashine hiyo ni sawa na kubonyezewa W (haya niliyajua baadaye, nilikuwa nimemhoji kila mtu pale kazini isipokuwa kompyuta). Chumba cha pili mashine ikanguruma, kikasikika kitu kinavunjika, halafu sauti ya Mzee, mara moja tu.

Nikabonyeza Z. Nikabonyeza tena, nikaipiga kwa ngumi, kompyuta ikanijibu kwa mlio mdogo na kuendelea kuhesabu kumbukumbu yake kwenye skrini, taratibu, kama haina habari. Kisha mashine ikanyamaza ghafla, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko ngurumo.

Kutoka nilipo hadi mlangoni ni hatua sita. Sikuweza hata moja. Nikajikuta sakafuni mbele ya watu wote, kichwani naona vidole vya Mzee tu, na mkono wangu umeshika pindo la kanga ya mama mmoja, Bi Somoe, mkulima wa Kitaya ambaye ndiyo kwanza nimemjua asubuhi ile.

"Mama," nikamwambia, "naomba uniangalizie kama mkono upo."

"Mkono wa nani, baba?"

"Wa Mzee."

"Si wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ni mimi. Siwezi."

Akanitazama, akaichomoa kanga yake mkononi mwangu, akaenda. Akarudi ameshika kipande cha kijiti, kimekatika upande mmoja.

"Mkono upo," akasema. "Kilichokatika ni hiki. Na mwenyewe anauliza mbona hukuita."

Mzee akatokea nyuma yake, amejaa unga hadi kwenye kope, ameung'oa mwenyewe waya wa mashine ukutani. Hakunigombeza. Kile alichokishika Bi Somoe kilikuwa kijiti chake cha kukwangulia, na siku mbili kabla nilikuwa nimemcheka, nikamwambia aache ushamba atumie mkono, ni haraka zaidi.

Swichi niliirudisha siku ile ile, wageni wakiwa bado wanakunywa chai. Na tangu hapo sijawahi kuwasha kitu nisichokiona bila kuita. Hata nyumbani, nikitaka kuwasha pampu ya maji ya kisimani, nasimama mlangoni, "Nawasha," na mke wangu anajibu kutoka uani, "Washa, mikono yote ipo."

Nasubiri kidogo, ndipo nawasha.