Mlokole Anayelinda Mrija wa Omaido

BUTEBA, Busia. Jumamosi, saa tisa alasiri. Wazee wamekizunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, na mirija yao mirefu yote imezama humo. Yote isipokuwa mmoja. Huo anao Norah Apendi, mlokole, mpishi wa hospitali, ambaye tangu azaliwe hajaonja pombe. Ameuegemeza begani, mkavu, huku akifuma kitambaa.

"Onja kidogo tu, mama," anamchokoza mzee Osire, mwenye chungu.

"Onja wewe. Mimi niko kazini."

Wazee wanacheka, lakini ni kazi kweli. Siku nyingine Norah hupika uji na maharage katika wodi ya kifua kikuu ya hospitali moja ya misheni upande wa Tororo. Mrija ni wa Omaido, mgonjwa mkaidi kuliko wote aliowahi kuwapikia.

Wodi ile ina sheria: anayetoroka kwenda kunywa, kitanda chake anapewa mwingine. Omaido alikuwa ametoroka mara mbili. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1967 aliletwa tena juu ya karia ya baiskeli, akitema damu, na muuguzi mkuu, Sista Peninah, akakataa kumpokea.

Sista si mtu mbaya. "Kuna watu wanalala sakafuni na wanafuata kila neno ninalowaambia," anasema. "Niwaeleze nini? Kwamba mlevi anawatangulia?"

Norah mwenyewe alikuwa upande wake. "Pombe ilimaliza ng'ombe ya baba yangu yote. Nilisema, wacha akakufe huko kwa chungu yake."

Lakini mzee alikuwa amelala barazani, na uji ulikuwa umebaki. Akampelekea kikombe, akamwuliza kwa hasira anachokifuata huko ni nini hasa.

Jibu lilimduwaza. Omaido hakufuata pombe. Chungu chao kina desturi yake: mwenzao asipoonekana kwa muda, mrija wake na kigoda chake hupewa mtu mwingine. Omaido alirithi nafasi hiyo kwa baba yake. Hana mke, hana mtoto.

"Nikipona, narudi wapi?" alimwuliza Norah. "Nakaa na nani?"

Kwa ajili ya kigoda, mzee mzima alikuwa anakatiza sindano na kurudi kutema damu! Norah anasema alitaka kumzaba kibao na kulia kwa wakati mmoja. Akaenda moja kwa moja kwa Sista.

"Mpe kitanda. Akitoroka tena, unifukuze na mimi."

Sista alikubali, kwa sharti hilohilo. Norah ni mjane mwenye watoto wanne shuleni, na jiko lile ndilo linalowasomesha.

Jumamosi iliyofuata alipanda baiskeli mpaka kwenye chungu. "Tulifikiri kanisa imemtuma kutuhubiria," anasema Osire. "Kumbe anataka kukalia mahali ya Omaido! Tulibishana sana. Sasa akichelewa, sisi wenyewe tunauliza, mama yetu iko wapi?"

Kanisani hawakucheka. Mlokole ameonekana kwenye pombe, basi. Norah akaondolewa kwenye kwaya aliyoiongoza tangu ujana wake. Jambo hilo linamuuma, wala hafichi. Siku hizi huimba jikoni, na wagonjwa humwitikia. Besi ni Omaido, kifua kikimruhusu.

Mzee hajatoroka tena. Mashavu yameanza kumrudi. Je, aliyejiharibia afya mwenyewe anastahili kitanda?

"Mambo ya kustahili mimi sijui," anasema Norah. "Nikianza kuuliza kila mtu alijiletea ugonjwa namna gani, uji itapoa."

Sindano zinatarajiwa kwisha wakati wa mavuno ya wimbi. Siku hiyo Norah atamkabidhi Omaido mrija wake mbele ya wazee, kisha Jumapili ataenda kanisani kuomba nafasi yake katika kwaya. Omaido ameapa kumsindikiza, tena akiwa amevaa viatu.

Na kanisa likikataa?

Norah anaacha kufuma. "Basi sitakuwa na mahali. Hapa nitakuwa nimemrudishia mwenyewe kigoda chake, na kule wamenifungia."

Osire anautoa mrija mdomoni.

"Tutaongeza kigoda," anasema, na safari hii hakuna anayecheka.