Mwezi wa Tisa Natetea Tasnifu

Watu wa Dingxi, kule China, wana tabia moja ambayo siipendi, na nimekaa nao vya kutosha kuichukia. Habari mbaya haipelekwi kwa mtu aliye mbali. Ukiwa ugenini utaambiwa mvua imenyesha, nguruwe wamenona, wote wazima. Na wewe huko uliko utajibu kwamba unakula vizuri. Pande zote mbili zinadanganyana mwaka mzima, na wanaita hayo mapenzi. Haya, ngoja niwaambie yaliyompata Dou Wenxia kwa mapenzi ya namna hiyo.

Wenxia ni mtoto wa mkulima wa viazi. Baba yake, mzee Shougui, aliishia darasa la tatu, lakini alikuwa akiminya kiazi kwa dole gumba tu na kukwambia kama kina ukungu ndani. Wenxia alipokuwa na miaka kumi na mmoja, ukungu huo ulikula mteremko mzima. Alichimba na baba yake siku nne, wakitoa uozo mtupu. Mtoto akaapa atasomea ugonjwa ule, na kweli akausomea, chuo kikuu cha Lanzhou. Chuo chake kilipotia saini ushirikiano na chuo kimoja cha Uholanzi, na serikali ikatoa ufadhili wa miaka minne wa uzamivu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa. Kitambaa chekundu chenye jina lake kilitundikwa kwenye lango la shule ya wilaya. Mwalimu Ren, aliyemfundisha hesabu, alijitokeza kuwa mdhamini wake, asipomaliza alipe yeye, na akatia saini na alama ya kidole kwenye karatasi mbele ya wakili. Nani angerudi mikono mitupu baada ya hapo?

Miaka mitatu alifanya kazi ya punda. Kila mwezi wa nane majani yenye ukungu yalikuwa yakitumwa kutoka Dingxi, naye akiyachunguza katika maabara ya Profesa Hoekstra, msimamizi wake huko Uholanzi. Kisha mkataba wa vyuo viwili ukafika mwisho, na wakubwa wakashindwa kuelewana juu ya nani amiliki matokeo. Watu waliokula pamoja na kupigwa picha wakishikana mikono, sasa hawajibiani hata barua. Majani hayakuja tena. Sura mbili za tasnifu zikabaki na vichwa tu.

Mwezi wa tano Profesa alimwita ofisini, akammiminia chai.

"Wenxia, sitaki kukudanganya," alisema. "Kwa hiki ulichonacho, jopo halitakupitisha. Ufadhili wako uliisha Februari, na mimi sina fungu la kukushikilia."

"Naweza kurudia jaribio, Profesa."

"Kwa majani gani?"

Profesa alikuwa mtu mwema, machozi yakamlengalenga. Kwa Wenxia hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angefokewa.

Mtu mwingine angefunga mizigo siku ileile. Wenxia alipiga simu nyumbani ili awaambie, nakuhakikishia alikusudia hivyo. Mama yake akapokea, akaita jina lake, kisha akanyamaza kama anayetafuta pa kuanzia. Na Wenxia, kwa woga tu, akamtangulia.

"Mama, mwezi wa tisa natetea tasnifu."

Hata yeye hajui maneno yale yalitoka wapi. Akasikia sauti ya baba yake kwa nyuma, nyembamba: "Mwezi wa tisa. Vizuri. Tutakuwa tunachimba viazi."

Tangu hapo simu za picha zikakoma. Mdogo wake, Wenbin, alisema simu ya baba imetumbukia kwenye kisima na kamera imekufa, kwa hiyo mzee atakuwa anatuma ujumbe wa sauti kila Jumapili. Wenxia alishusha pumzi. Siku hizo alikuwa kibarua wa kupanga pilipili hoho kwenye maboksi, kwenye mabanda ya vioo nje ya mji, kucha zimeingia ukijani usiotoka kwa sabuni. Hakutaka kuonekana, wala hakujiuliza kwa nini na wao hawataki kuonekana.

Jumbe zilikuja. "Xia, ni baba. Kula. Usishindie vitabu." Jumapili nyingine: "Xia, ni baba. Vaa soksi." Yeye akijibu na kuuliza hili na lile, na Jumapili inayofuata mzee anasema lake, swali halijaguswa.

"Baba yako hajibu hata kimoja," alisema Pang Liyun, mwenzake wa chumba, naye mwanafunzi wa uzamivu, binti wa mkoa wa Hebei mwenye mdomo.

"Mzee wa kwetu huyo. Anasema anachotaka."

"Nyie watu wa viazi bwana. Hata ukikuta mmoja Ulaya, kafuata kiazi."

Wenxia alicheka. Alikuwa ameona vilevile alivyoona Liyun, lakini mtu anayedanganya hapendi kuuliza sana, maana atarudishiwa maswali.

Mwezi wa tisa ukafika. Siku aliyoitaja ilipokaribia, aliwaambia nyumbani mtihani wa kutetea umesogezwa wiki mbili, mjumbe mmoja wa jopo anaumwa. Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza.

Jumapili iliyofuata, mchana, Liyun alikuwa jikoni anakaanga viazi vilivyokatwa nyuzinyuzi, ametia siki. Simu ikalia. Wenxia akaiweka mezani ili wasikie wote.

"Xia, ni baba. Jana mvua ilinyesha, udongo umelainika. Kesho tunaanza kupanda, ule upande wa juu. Mwaka huu mbegu ni nzuri."

"Ehe, mzee kachanganya mambo," alisema Liyun. "Nani anapanda viazi mwezi wa tisa?"

Hakuna. Dingxi kupanda ni mwezi wa nne. Mzee Shougui angeweza kusahau jina la mkewe, lakini si hilo. Wenxia alirudia ujumbe mara tatu, kisha akampigia mdogo wake.

"Wenbin, nipe baba."

"Yuko shamba, dada."

"Anapanda?"

Nyuma ya Wenbin majembe yalikuwa yakigonga udongo.

"Wenbin, mimi ni dada yako. Baba yuko wapi?"

"Yupo upande wa juu." Sauti ikamkatika. "Tumemzika upande wa juu. Tangu mwezi wa saba, dada. Tumbo lilikuwa na saratani."

Wenxia akakaa sakafuni. Liyun akazima jiko.

"Alirekodi kumi na tano, kitandani," Wenbin aliendelea, sasa maneno yanamtoka yenyewe. "Tulihesabu Jumapili mpaka mtihani wako. Nikawa naziwasha kwenye simu yangu, nazirekodi upya kwenye simu yake, nakutumia. Sasa mtihani ukasogezwa, zikaisha. Nikapekua simu yake, nikakuta hiyo ya Aprili ambayo haikutumwa, mtandao ulikuwa mbovu. Sikusikiliza mpaka mwisho. Nisamehe, dada."

"Kwa nini hamkuniambia? Ningekuja."

"Siku ile ya mwezi wa tano tulikuwa tumekubaliana kukwambia. Mama alishika simu kwa ajili hiyo. Ukamwahi na habari ya mtihani. Baba akasema basi, tusimvuruge mtoto, tungoje atetee kwanza."

Hapo ndipo uchungu ulipompata. Angenyamaza nusu dakika tu siku ile, angeambiwa. Alikuwa na miezi miwili ya kukaa kando ya kitanda cha baba yake. Aliitumia kupanga hoho.

"Wenbin," alisema. "Hakuna mtihani."

"Umesogezwa tena?"

"Hakuna. Haujawahi kuwepo. Siku ile napiga simu nilikuwa nimeshakataliwa."

Majembe yaliendelea kugonga. Kisha Wenxia akasikia nyayo kwenye udongo mkavu, na sauti ya mama yake ikikaribia.

"Ni Wenxia huyo? Anasemaje?"

"Anasema ni wiki ijayo, mama," alijibu Wenbin. "Profesa kamsifu sana."

Wenxia alimsikia mama yake akicheka kwa furaha, kisha akiuliza kama huko baridi imeshaanza.