Ganda Lisilo na Fataki

Eilert alikuwa mtu wa kuudhi. Naanza na hilo nisije nikaambiwa namsifu kwa sababu namhurumia. Ukimpa kisu akate mkate, atakikagua makali mbele ya wageni na kukuuliza kama unakitumia kuchimbia viazi. Maisha yake yote alinoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao, na alipostaafu akaendelea kunoa ulimi. Mkewe alikuwa ameshafariki. Kilichombakia ni bunduki moja, kibanda cha kazi nyuma ya nyumba, na kundi letu la kuwinda elgi, wale kulungu wakubwa kama farasi, kundi aliloingia pamoja na mume wangu Kolbein wakiwa vijana. Bondeni kwetu mwanamume asiye na kundi la kuwinda hana wa kunywa naye kahawa kuanzia vuli mpaka theluji iyeyuke.

Kibandani mle ndimo alimotengenezea risasi zake. Hakutupa ganda hata moja. Akiba haiozi, alisema. Ganda likishapigwa hutanuka na kushika umbo la chemba inamokaa risasi kwenye bunduki iliyolipiga, na bunduki mbili za aina moja haziwi na chemba zilizo sawa kabisa. Basi Eilert alipima bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, kwa kalipa, akalipaka grisi kidogo, akalisukuma ndani ya kalibu ya chuma kwa mashine ya mkono. Lilitoka limebanwa, limerudi saizi yake ya dukani, na sindano ya kalibu imeshaing'oa fataki iliyoungua, kile kidonge cha kuwashia baruti, kitako kimebaki na tundu wazi. Wenzake wengi walimletea ya kwao. Aliwabania maganda yao bure, na matusi pia aliwapa bure.

"Hili la Jostein hili," alimwambia Kolbein siku moja mimi nikiwepo. "Chemba yake ndefu, ganda linatoka limejinyoosha kama mvivu kitandani. Kwenye bunduki yangu haliingii, labda ulipige nyundo."

Jostein ni mtoto wa Amund. Amund ndiye mkuu wa kundi, na msitu tunaowinda ni wake.

Vuli ile, asubuhi ya ukungu mzito, Raska, mbwa wa Amund, alipigwa risasi kijitoni akimfukuza elgi. Waliofyatua upande ule walikuwa wawili tu, Eilert na Jostein. Kila mmoja alisema alipiga akiwa juu kilimani, akakosa. Lakini Kolbein aliokota ganda kwenye majani ng'ambo ya kijito, mahali ambapo wote wawili waliapa hawakusimama. Akampa Amund.

"Fataki ilikuwa na alama katikati kabisa," aliniambia tukila chakula cha jioni. "Safi, kama imechorwa."

Kwetu anayepiga mbwa kwa kufyatulia asichokiona anatoka kundini, na harudi. Eilert hakutetereka. Alimfuata Amund uani kwake, Kolbein akiwa naye.

"Leteni ganda Jumapili," akasema. "Tulitie kwenye bunduki yangu mbele ya watu wote. Likiingia, mimi ndiye. Likigoma, mjue la nani."

"Sawa, mzee," Amund akajibu. "Mpaka hapo litakaa kwangu, watu wasije wakasema umelichezea."

"Likae."

Hapo ndipo alipokosea. Mtu aliyemkagulia kila mmoja kisu chake hakufikiria kumkagua Amund.

Jumapili walikutana kwenye nyumba ya wawindaji. Mimi nilikuwa jikoni, pembeni yao tu, napika kondoo na kabichi. Amund akatoa ganda mfukoni, akalitia mwenyewe kwenye bunduki ya Eilert, akasukuma komeo. Likaingia bila shida.

"Limeingia," mmoja akasema.

"Limeingia," wengine wakaitikia. Jostein alikuwa anatazama viatu vyake.

Eilert alilitoa, akalipima kwa kalipa yake, akacheka vibaya.

"Hili ni fupi kuliko hata yanayotoka kwenye bunduki yangu. Halafu hebu tazameni." Akaligeuza kitako juu. "Fataki iko wapi? Sungura kaila?"

Wote pale walikuwa wanatengeneza risasi au wamekua wakitazama baba zao wakitengeneza. Hakuna ganda linalodondosha fataki yake lenyewe msituni. Na bondeni kwetu mashine za kubana ziko mbili, ya Eilert na ya Amund.

"Kolbein," Eilert akasema. "Wewe ndiye uliyeliokota. Fataki ilikuwepo?"

Mume wangu alikuwa anakoroga kahawa ambayo haikutiwa sukari.

"Sikuliangalia vizuri," akasema.

"Uliliangalia!" nikasema mwiko ukiwa mkononi. "Uliniambia mezani, fataki ina alama katikati!"

Amund hakugeuka hata kunitazama. "Mama, angalia nyama isiungue."

Kuna waliocheka. Kisha akaitisha mikono ya wanaotaka Eilert atoke kundini. Ilipanda mmoja mmoja, na kila mwenye mkono alikuwa anamwona Amund na msitu wake. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, na siku hiyo walimpisha mpaka wakabanana ukutani. Mkono wa Kolbein haukufika juu, uliishia usawa wa sikio, lakini ulihesabiwa. Nilimchukia. Sijui neno jingine la kuweka hapo.

Eilert alivaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kolbein, ndugu yangu, nyoosha mkono vizuri. Utapata kichomi bure."

Akaenda. Chakula walikila, wakaongeza. Nilipokuwa nakusanya vikombe ganda lilikuwa bado mezani, hakuna aliyetaka kuligusa. Nikalitia mfukoni mwa aproni.

Kiangazi kilichofuata Kolbein alijaza maganda yake kwenye ndoo kama kila mwaka, akaelekea kwa Eilert.

"Huna haya?" nikamwuliza.

"Ni urafiki wa miaka, mke wangu."

Alirudi na ndoo imejaa vilevile. Eilert alikuwa amemjibu akiwa mlangoni, bila kumkaribisha: "Mpelekee Amund. Yule anabana hata yasiyo yake."

Sasa Eilert anapita barabarani peke yake kwenda dukani, hasalimii mtu, na kwa kweli hakuna anayethubutu kumsalimia. Bunduki ameiuza. Lile ganda liko dirishani jikoni kwangu, mbele ya kiti cha Kolbein, kitako kikimtazama. Kila asubuhi anakula mkate wake na jibini ya kahawia mbele ya tundu hilo. Aliwahi kuligeuza, nami nikaligeuza tena.

"Utaliacha hapo mpaka lini?" akaniuliza juzi.

"Mpaka uliangalie vizuri," nikamwambia.