Wimbo wa Kusubirisha

Dada yangu hupokea simu za hospitali, na akirudi nyumbani hataki kuitwa hata jina. Ukimwuliza chai iko wapi, anakuonyesha kwa kidole. Watu husema, "Kazi yenyewe ya kukaa tu!" Mimi nawaambia wakakae wao.

Siku hizi kila kitu kimo kwenye programu ya simu ndani ya kompyuta. Mtu akipiga kumwulizia mgonjwa, dada anabonyeza kitufe cha kusubirisha, mpigaji anawekewa wimbo, naye anamtafuta nesi wodini. Wimbo wenyewe ni kinanda kinachorukaruka kana kwamba kuna harusi, halafu mwanamke anaanza kuimba. Niliwahi kuusikia nikatamani kuitupa simu. Dada hausikii. Upande wake ni kimya, na kimya hicho, anasema, ndiyo mapumziko yake pekee.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyepiga kila asubuhi kumwulizia mkewe. Miguu ilishamgomea, hakuweza kwenda wodini kila mara. Siku moja akamwambia dada, "Mwanangu, wimbo ukiwa mfupi namshukuru Mungu. Ukiwa mrefu, najua huko hakuna heri."

Ukweli ni kwamba urefu wa wimbo ulitegemea kama nesi yuko karibu na simu au anamgeuza mgonjwa. Dada alilijua hilo, lakini hakumsahihisha. Yeye mwenyewe alikuwa hoi, na mzee alikuwa na kafaraja kake kadogo. Wa kumnyang'anya ni nani?

Asubuhi moja mzee alipopiga, nesi alipokea papo hapo. Hakuwa na wa kumgeuza tena.

"Bibi ametutoka alfajiri," akasema. "Usimwambie kwenye simu, utaratibu unaujua. Mwambie aje tu."

Dada alimrudia mzee, akamkuta anacheka.

"Leo hata mwimbaji hajafungua mdomo! Amepata nafuu, eti?"

"Baba, wanaomba uje."

"Nije nimchukue? Basi ngoja nimtafutie nguo. Lile gauni lake la kijani liko wapi sijui..."

Dada anasema hakukusudia. Mkono uliozoea ulikwenda wenyewe kwenye kitufe. Akamsubirisha. Akakaa na kile kimya chake, machozi yakimtiririka, huku namba ya mzee ikiwakawaka kwenye kioo. Msimamizi akaja kusimama nyuma yake.

"Huyo mbona umemwacha muda wote huo?"

Bila shaka wimbo ulishaisha, ukaanza upya.

Alipobonyeza tena, alidhani mzee ameshakata. Hakuwa amekata. Alisikika akipumua.

"Baba," dada akasema, "nisamehe."

"Basi, mwanangu. Nimeelewa. Gauni nitalileta hivyo hivyo."