Fundi Konstantini Bado Yupo Kwenye Ramani

Babati, mwanamke wa umri wa Romana huitwa kwa jina la mwanawe. Romana hakujaliwa mtoto, kwa hiyo watu wa mtaa wake wa Maisaka walimwita Dada wa Ramani, na jina likamkaa. Alikuja kutoka Rombo akimfuata mumewe, Valence, aliyekuwa akiendesha greda kwenye ujenzi wa barabara. Barabara ilipokwisha, kambi ilihama na Valence akaondoka nayo, akasema atamwita akishapata chumba. Huu ulikuwa mwaka wa saba.

Kazi ya Romana ilikuwa kuwazungukia mafundi na wenye vibanda, kuwapiga picha mbele ya biashara zao na kuwaweka kwenye ramani ya Google, ili mgeni akiandika kwenye simu "fundi cherehani Babati", aone jina, saa za kazi na njia ya kufika. Aliifanya vizuri. Ubaya ni kwamba ikishafanyika vizuri, haifanyiki tena. Wateja wa wenzake walirudi kila wiki. Wa kwake walimshukuru, wakaendelea na shughuli zao.

Fundi viatu Konstantini wa Nakwa ndiye aliyebaki. Mzee huyo alikuwa na ujuzi wa kuwashonea viatu watu wenye mguu mmoja mfupi: kiatu kimoja cha kawaida, cha pili chenye soli nene, na ukimwona mtu anatembea hujui. Tangu Romana amweke kwenye ramani, watu walimtafuta kutoka Kondoa, Karatu, hata Singida. Lakini mzee alikuwa hasikii vizuri, simu ikimshinda, ndiyo maana namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya Romana. Kila mchana alikwenda Nakwa kumpelekea habari za waliopiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?" Alipaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Nimekula."

"Muongo wewe!" Kisha alimsogezea kigoda na nusu ya kande yake.

Mwezi wa sita kifua kilimbana Konstantini, na wiki haikuisha akafariki. Binti yake, Edda, alikuja kutoka Dareda, akafunga kibanda na kuchukua cherehani. Baada ya mazishi Romana alifungua simu ili amwondoe mzee kwenye ramani. Simu ilimuuliza: biashara hii imefungwa kwa muda, au kabisa? Juu ya swali ilikuwepo picha ya mzee ameshika kiatu, amekunja uso kwa jua. Romana aliilaza simu kifudifudi mezani. Nitafanya kesho, alijisemea.

Kesho hiyo ilichukua miezi miwili. Watu walipopiga, aliwajibu, "Fundi hayupo." Alijiambia kwamba si uongo.

Jumanne moja ya mwezi wa nane mwanamke mmoja alipiga simu.

"Mimi Hanifa, natokea Singida. Nimeshafika hapa Nakwa na mwanangu Hadija, naona pamefungwa. Na simu inaniambia anafungua mpaka saa kumi na moja."

Romana alichukua bodaboda. Alimkuta Hanifa amesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na binti wa miaka tisa amekaa kizingitini. Chini ya kiatu chake cha kushoto kulikuwa na kipande cha tairi kilichofungwa kwa kamba.

"Nilikupigia mwezi uliopita," Hanifa alisema. "Ukasema hayupo. Nikajua amesafiri."

"Alikuwa ameshafariki, Mama Hadija. Ilikuwa kazi yangu kuliondoa jina lake. Sikuliondoa."

"Kwa nini?"

"Nilishindwa."

Hanifa alimuuliza, "Alikuwa baba yako?"

"Hapana. Hatukuwa ndugu." Ndipo machozi yalipomtoka Romana, yale ambayo msibani hayakutoka, maana pale kila mtu alikuwa na nafasi yake ya kukaa isipokuwa yeye.

Aliwapeleka kwa Anselimu, fundi viatu wa karibu na stendi, ambaye alisema waziwazi kwamba kazi hiyo hajawahi kuifanya. Romana alikaa naye. Michana yote aliyokaa kwenye kile kigoda alikuwa ameona mengi: jinsi mpira unavyopangwa tabaka kwa tabaka, na jinsi unavyochongwa mbele usije ukamkwaza mtoto. Ilipofika jioni kiatu kilikuwa hakijakamilika, wageni wakalala kwa Romana. Hadija alimuuliza kwa nini nyumba nzima ina kikombe kimoja. Mama yake akamkanyaga mguu.

Kesho yake kiatu kilikamilika. Kilikuwa kizito, na mshono wake haukunyooka, wala Konstantini asingekubali kitoke mkononi mwake. Lakini Hadija alitembea nacho mpaka stendi bila kushika mkono wa mtu.

Kabla ya kupanda gari Hanifa hakusema kwamba amesamehe. Alisema, "Toa ile picha, dada. Yuko mwingine atakuja."

Romana aliitoa papo hapo, pale stendi, gari likiwa bado linaunguruma. Alibonyeza "kabisa". Kisha alikaa kwenye benchi la abiria kwa muda mrefu, bila safari.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi huwapitia wote aliowahi kuwaweka kwenye ramani, mmoja mmoja, kwa miguu. Wapo wanaodhani amekuja na kazi mpya ya kuwauzia, wakianza kutoa udhuru kabla hajasalimia. Wiki iliyopita huko Sigino, Brigita, muuza vifaranga, alimuuliza akiwa hajainua macho, "Leo una shida gani?"

"Sina shida. Nimekuja kuona kama bado upo."

"Nipo," Brigita alisema, akaendelea kuhesabu vifaranga vyake. Romana alisimama kidogo mlangoni, kisha akaaga na kushika njia ya kwa mwingine.