Bi Halafu na Mama Mkwe Asiye na Kosa

Waandishi wa filamu walimwita Bi Halafu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kazi yake katika kampuni ndogo ya filamu, ghorofani juu ya duka la matairi, ilikuwa kusikiliza mawazo ya hadithi kabla hayajawa miswada na kuyatolea maoni. Kukubali au kukataa ilikuwa shughuli ya mkurugenzi. Yake yeye ilikuwa kuuliza, "Halafu?"

Alisikiliza huku akifuma sweta. Haikuwa dharau. Masikio, alisema, hubembelezwa na maneno matamu, lakini mikono haijui kubembelezwa. Hadithi ikilegea, sindano ziliendelea na safari yake. Ikishika, zilisimama zenyewe. Waandishi walilijua hilo, wakawa wanasimulia huku wameukodolea macho uzi badala ya uso wake. Jamaa mmoja alimletea majambazi, helikopta na mapacha waliopotezana, akaondoka akiwa amemsaidia kumaliza mkono mzima wa sweta.

Siku hiyo aliyekuja alikuwa mkazamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, ambaye aliishi naye nyumba moja. Alibisha hodi, akangoja aitwe, akamwamkia upya utadhani hawakunywa chai pamoja asubuhi. Mawazo yake yalishakataliwa mara mbili, na kesho mkurugenzi alikuwa anachagua wazo moja tu la filamu fupi. Binti wa watu alikuwa na kiu ya kuandika, na Bi Halafu aliijua kiu hiyo, maana alimsikia jikoni akizungumza na wahusika wake huku akikoroga.

"Haya, nipe."

"Kuna mama mkwe anahamia kwa mwanawe. Ni mpole, ana hekima. Mke wa mwanawe anampenda sana."

"Halafu?"

"Wanaishi kwa upendo."

"Halafu?"

"Mama anaugua, mke anamuuguza, anapona."

Sindano zilikuwa zinakwenda mbio.

"Mwanangu, huyu mama mkwe umemtoa wapi?"

"Nimemtunga tu, mama."

"Umemtunga kwa adabu. Hana hadithi huyu, ana sifa tu, kama anasomewa wasifu msibani. Hadithi inataka mtu anayetaka kitu, na mtu anayemzuia. Huyo mke anataka nini?"

Binti aliinamisha uso. Bi Halafu akaelewa, na ikamuuma: adabu ileile aliyojivunia kwa majirani ndiyo iliyokuwa inamnyima mtoto wa watu kazi.

"Humu ndani mimi si mama yako," akasema. "Mficha uchi hazai, na mficha kasoro haandiki. Mpe kasoro. Tuseme anafunua masufuria ya watu."

"Anafunua," mkazamwana alisema taratibu, "na anaongeza chumvi."

"Vizuri. Halafu?"

"Anaingia chumbani bila hodi. Mke hana mahali pa kulia, wala pa kucheka na mumewe. Anachotaka ni mlango mmoja tu unaofungwa."

Sindano zilisimama.

Chini, mtu alikuwa anagonga gurudumu kwa nyundo. Bi Halafu alihisi masikio yanapata moto, kwa sababu chumvi ile aliijua, na mlango ule aliujua. Lakini kazi ni kazi.

"Hapo umeshika. Ila sasa mama amekuwa mkorofi, na mkorofi asiye na sababu naye hafai. Kwa nini anafungua milango?"

"Sijui, mama. Nimejiuliza tangu alipohamia."

Bi Halafu aliliweka sweta mezani.

"Mlango ukifungwa, anadhani wanashauriana wamrudishe kwake. Na kwake hakuna mtu."

Mkazamwana alisahau adabu yote, akamshika mikono. "Hatujawahi kushauriana hivyo."

"Usiniambie mimi. Nenda kaandike."

Akaenda, akaandika. Kesho yake mkurugenzi alilichagua wazo lile, akasema huyo mama mkwe ni mtu kabisa, angependa kukutana naye. Bi Halafu alifuma bila kuinua kichwa, roho yake nyeupe.

Jioni, nyumbani, alipita jikoni. Sufuria ilikuwa inachemka, akaipita bila kuifunua, ingawa aliigeukia. Mlango wa chumba cha mwanawe na mkewe ulikuwa umefungwa na ndani walikuwa wanacheka. Mkono ulishafika kwenye kitasa. Akaurudisha, akabisha.

"Hodi."

Kicheko kikakatika. Kisha sauti ya mkazamwana ikauliza kutoka ndani, "Halafu?"

"Halafu nangoja kuambiwa karibu."

Mlango ukafunguliwa, naye akasogezewa kiti.